UZI MAALUMU: Njia ya Omaha – kombe la taifa la besiboli ya vyuo Marekani na hesabu ya mikono ya warushaji

#1 KiwikoChuma

Wakuu, salaam.

Kila ikifika Juni swali ni lile lile: inakuwaje timu iliyopangwa namba moja Marekani nzima itolewe wikiendi ya kwanza, tena uwanjani kwake? Mwaka 2025 yaliwakuta Vanderbilt. Tangu mashindano yawe na timu 64 mwaka 1999, namba moja aliyebeba kombe ni Miami mwaka huo huo, halafu kimya mpaka Tennessee 2024. Wengi wanasema bahati. Mimi nasema ni hesabu: Jumapili jioni umebaki na warushaji wangapi ambao mikono yao bado ni mizima. Tuipige hesabu hiyo hapa, mwenye kurekebisha arekebishe.

Maneno kwanza, tusipotezane. Mrushaji anatupa, mpigaji ana gongo (si ile ya kunywa), mdakaji amechuchumaa nyuma yake. Alama nitaziita mikimbio, nimeazima kwa watu wa kriketi: ukizunguka besi zote nne (vituo vya kukanyaga) umepata mmoja. Iningi ni duru ambayo kila timu inapiga mpaka watu wake watatu watoke, yaani auti tatu. Mchezo ni iningi 9 (ikiwa sare zinaongezwa), kwa hiyo anayetaka kushinda lazima atafute auti 27. Hakuna saa ya kukuokoa. Auti ya 27 isipopatikana, mchezo haujaisha.

Muundo: timu 64 zinagawanywa vituo 16 vya timu nne nne. Kila kituo ni mchujo wa maisha mawili: ukifungwa mara moja unashuka upande wa majeruhi, ukifungwa tena unafunga mabegi. Washindi 16 wanapangwa wawili wawili, mbili kati ya tatu. Hii tuite kanda kuu. Wanane wanaobaki ndio wanaokwenda Omaha, Nebraska. Huko ni makundi mawili ya timu nne, maisha mawili yale yale, na mshindi wa kila kundi anaingia fainali. Tangu 2003 fainali ni mbili kati ya tatu. Kuanzia 1988 hadi 2002 ilikuwa mchezo mmoja, ndiyo maana utaona matokeo kama USC (Southern California) 21, Arizona State 14 ya mwaka 1998.

#2 Mzizima_9

Mkuu, ndiyo haya waliyokwenda wale watoto wa Lugazi kutoka Uganda mwaka 2012?

#3 KiwikoChuma

Hapana mkuu. Lugazi walikwenda Williamsport, Pennsylvania, kwenye mashindano ya dunia ya watoto, na walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza kule. Kwa Kiingereza majina yanafanana, ndiyo maana watu wanachanganya. Ya Omaha ni ya wanafunzi wa vyuo vikuu, chini ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani.

#4 BintiTakwimu

Ngoja nimsaidie mwenye uzi, maana hapo kwenye kituo ndipo kila kitu kinaharibika na watu wanapita haraka.

Kituo cha timu nne kina michezo 6, au 7 ikilazimu.
Ijumaa: mchezo wa 1 (timu iliyopangwa ya kwanza kituoni na ya nne), mchezo wa 2 (ya pili na ya tatu).
Jumamosi: wa 3 (waliofungwa wawili, mmoja anaaga), wa 4 (walioshinda wawili).
Jumapili: wa 5 (aliyepona wa 3 dhidi ya aliyefungwa wa 4), kisha jioni wa 6 (aliyeshinda wa 4 dhidi ya aliyeshinda wa 5).
Jumatatu: wa 7, iwapo tu yule ambaye hajafungwa atakuwa amefungwa Jumapili jioni.

Anayeshinda yote anacheza michezo 3 kwa siku 3. Iningi 27. Warushaji watatu wa kuanza na wawili watatu wa kumalizia wanatosha kabisa.

Anayefungwa Ijumaa anahitaji ushindi minne mfululizo: Jumamosi mmoja, Jumapili miwili siku moja, Jumatatu mmoja. Jumla michezo 5 kwa siku 4, iningi 45, auti 135. Ukikadiria mirusho 16 kwa iningi ni mirusho 720. Mrushaji wa kuanza akitupa 100 ndiyo basi, hatumiki tena wikiendi hiyo. Gawanya mwenyewe uone unahitaji wangapi, halafu kumbuka timu nyingi zina watatu wa kuanza wanaoaminika na wa nne ni wa kuombea dua.

Na aliyefungwa Jumamosi naye anacheza mitano. Tofauti yake ni kwamba anahitaji ushindi mitatu tu baada ya kuumia badala ya minne.

#5 GongoLaMpingo

Sasa hapo ndipo swali langu la kila mwaka. Wewe ni timu ya kwanza, Ijumaa unakutana na timu ya nne, dhaifu. Unamtumia mrushaji wako bora au unamficha hadi Jumamosi ukutane na mwenye nguvu?

#6 KiwikoChuma

Mfiche, kama wa pili wako anaweza kumfunga wa nne bila jasho. Kila mtu anajua mchezo wa Jumamosi kati ya walioshinda ndio mlango: ukishinda huo unapumzika Jumapili mchana wakati wenzako wanamalizana juani, jioni unawapokea wakiwa hoi.

#7 BintiTakwimu

Napinga, kaka. Mchezo wa kwanza ukiupoteza gharama yake umeiona hapo juu: iningi 45. Timu ya nne si mchele mchele siku hizi. Nyingi ni mabingwa wa ligi ndogo wenye mrushaji mmoja hatari, na huyo watamtupia Ijumaa kwa sababu hawana cha kuficha. Fresno State mwaka 2008 walikuwa timu ya nne kituoni kwao na walibeba kombe lote, wakiwa wamefungwa mara 31 msimu mzima. Stony Brook 2012, Oral Roberts 2023 na Murray State 2025 nao walianzia nafasi ya nne wakafika Omaha. Ukimficha bora wako ukapigwa na mmoja wa hawa, Jumamosi utamtumia huyo huyo uliyemficha kwenye mchezo wa kufa na kupona dhidi ya timu dhaifu nyingine. Umemchoma bure.

#8 KiwikoChuma

Hilo la kumchoma nalikubali. Lakini bado naangalia mpigaji wa nani yuko upande gani. Kama timu ya nne ina wapigaji wengi wa kushoto na wa pili wako ni mrushaji wa kushoto, sioni haja ya kumtoa bora. Uamuzi haufanywi kwa jina.

#9 Daktari_wa_Bega

Wakuu, mnahesabu iningi kana kwamba mkono ni betri. Niongeze ya mwili.

NCAA haina kikomo cha mirusho. Watoto wanawekewa kikomo, vyuo hawawekewi. Kocha na mrushaji ndio wanaoamua. Msimu wa kawaida mrushaji wa kuanza anatupa mara moja kwa wiki, mirusho 90 hadi 110, kwa hiyo mwili umezoea siku 6 za kupumzika. Mashindanoni anaombwa arudi baada ya siku 3 au 4. Kwa wa akiba, kipimo cha jumla ni hiki: mirusho 15 hadi 20, kesho anaweza kurudi, 30 hadi 40, mpe siku moja au mbili, ikipita 50, mhesabu kama mrushaji wa kuanza.

Kitu ambacho hakimo kwenye karatasi ya matokeo ni mirusho ya kujipasha. Mrushaji wa akiba akisimama kujipasha anatupa 20 hadi 25 kabla hajaingia. Akiamshwa, akakaa, akaamshwa tena, ameshatumia kama 40 na jina lake halijaandikwa popote. Kesho mnashangaa mbona mpira wake hauna kasi. Kocha mwenye hofu anawachosha watu wake benchi.

Dalili za mkono uliochoka zinaonekana hata kwenye televisheni. Kasi inashuka kilomita 3 hadi 5 kwa saa ikilinganishwa na iningi ya kwanza. Mpira unaanza kukaa juu, kwa sababu miguu imechoka, mwili unatangulia na mkono unabaki nyuma. Mpira wa kupinda nao haupindi, unabingirika tu. Na anachukua muda mrefu kati ya mrusho na mrusho. Ukiona mambo mawili kati ya hayo kwa wapigaji wawili mfululizo, wa tatu atampiga.

Kinachokatika ni kano ya upande wa ndani wa kiwiko. Upasuaji wake unaitwa jina la Tommy John, mrushaji wa kwanza kufanyiwa mwaka 1974. Kupona ni mwaka mmoja hadi mmoja na nusu.

#10 Mzizima_9

Na mvua je? Juni Omaha huwa na radi.

#11 Daktari_wa_Bega

Radi ni adui wa mrushaji kuliko mpigaji. Ikipiga karibu, mchezo unasimama na hauruhusiwi kurudi mpaka zipite dakika 30 tangu mwako wa mwisho. Ikipiga tena dakika ya 29, unaanza kuhesabu upya. Mkono ukipoa saa nzima, kumrudisha ni kuanza upya kujipasha, mirusho 25 mingine. Makocha wengi hawamrudishi. Kwa hiyo unaweza kupoteza mrushaji bora iningi ya pili kwa wingu tu.

#12 BintiTakwimu

Mfano hai wa hesabu yote hii ni LSU (chuo cha jimbo la Louisiana) 2023. Ratiba yao Omaha ifuateni kwa vidole:

Jumamosi 17 Juni, walishinda Tennessee 6–3, mrushaji wao Paul Skenes akianza.
Jumatatu, walifungwa na Wake Forest 3–2. Maisha moja yamekwenda.
Jumanne, walishinda Tennessee 5–0. Aliyeanza ni Nate Ackenhausen, ambaye kazi yake ilikuwa ya akiba. Iningi 6 bila mkimbio.
Jumatano, walishinda Wake Forest 5–2.
Alhamisi, Skenes anarudi baada ya siku nne kamili za kupumzika, iningi 8 bila mkimbio. Wake nao wakamweka Rhett Lowder, 0–0 mpaka iningi ya 11, Tommy White wa LSU akatoa mpira nje ya uzio (pigo linalomrudisha mpigaji na aliyeko besi), 2–0.

Watu wanakumbuka White na Skenes. Mimi nasema kombe lilipatikana Jumanne, kwa mkono wa mtu wa akiba. Kama Ackenhausen angepigwa iningi ya pili, wangelazimika kutumia watu watatu zaidi, na Jumatano wasingekuwa na kitu.

Fainali dhidi ya Florida, Skenes hakutupa hata mpira mmoja. Mchezo wa kwanza Ty Floyd wa LSU alitoa wapigaji 17 kwa straiki (mirusho mitatu waliyoshindwa kuipiga) ndani ya iningi 8, LSU wakashinda 4–3 iningi ya 11. Wa pili Florida wakawapiga 24–4. Ishirini na nne! Kesho yake LSU wakashinda 18–4.

#13 GongoLaMpingo

Hiyo ya 24–4 kisha 18–4 sijawahi kuielewa. Timu iliyopigwa hivyo inaamkaje?

#14 KiwikoChuma

Ndiyo uzuri wa besiboli, mkuu. Kufungwa kwa mikimbio 20 ni sawa na kufungwa kwa mmoja, hakuna tofauti ya magoli. Kocha akiona maji yamezidi unga iningi ya nne, anaacha. Anawaingiza warushaji wa mwisho kwenye orodha wale kibano mpaka mwisho, wale wa kuaminika wanabaki wamekaa. Florida walifurahi usiku ule, lakini LSU waliamka na Thatcher Hurd na watu wa akiba waliolala vizuri. Kocha asiyejua kuupoteza mchezo uliokwisha kupotea ndiye anayeupoteza na wa kesho.

#15 Pwani_Kushoto

Nawasoma kutoka Mombasa. Hamjamtaja Oregon State 2018, nao wanavunja nadharia yenu kidogo. Walifungwa mchezo wa kwanza Omaha, wakacheza minane, wakabeba kombe. Kijana wa mwaka wa kwanza, Kevin Abel, alishinda michezo minne peke yake kwenye mashindano hayo na wa mwisho alitupa yote, mirusho 129, Arkansas hawakupata mkimbio, 5–0. Hapo mkono mmoja ulibeba timu.

Na kabla ya hapo kuna ule mpira wa juu. Mchezo wa pili wa fainali, Arkansas wanaongoza 3–2, iningi ya 9, auti mbili, mtu yuko besi ya tatu. Mpira unapaa nje ya mstari upande wa kulia. Auti moja tu na kombe ni lao. Wachezaji watatu wanakimbilia, mpira unaanguka katikati yao. Mpigaji akabaki hai, akasawazisha, aliyefuata Trevor Larnach akautoa nje ya uzio, 5–3.

#16 KiwikoChuma

Tatizo la mpira ule si mikono, ni mdomo. Utaratibu unafundishwa tangu siku ya kwanza: anayetoka nyuma akija mbele ana haki kuliko anayerudi kinyumenyume, kwa sababu yeye anauona mpira na mwenzake kwa pamoja. Wa besi ya kwanza na wa besi ya pili walikuwa wanarudi nyuma, wa pembe ya kulia anakuja mbele. Ulikuwa wa kwake endapo angeufikia, na anatakiwa kupiga kelele mapema, mara tatu si mara moja, na wengine waitikie jina lake kisha wamwachie nafasi. Kwenye uwanja wenye watu zaidi ya 20,000 hausikii, kwa hiyo timu makini zinaongeza ishara ya mikono: anayeutaka anapunga, asiyeutaka anamwelekezea. Watatu wakinyamaza kwa adabu, mpira unaanguka.

#17 Mzizima_9

Nani anachagua hao 64? Na wenyeji 16 wanapatikanaje?

#18 BintiTakwimu

Mabingwa wa ligi, takriban 30, wanaingia moja kwa moja. Waliobaki kamati inawachagua. Kumi na sita wa juu wanapangwa kwa namba na kwa kawaida ndio wanaokuwa wenyeji wa vituo. Wanane wa juu wakivuka, wanakuwa wenyeji wa kanda kuu pia. Kwa hiyo tofauti ya namba 8 na namba 9 ni wikiendi nzima nyumbani.

Kamati inaangalia mengi lakini kipimo kinachotajwa kila siku ni RPI: robo ni asilimia yako ya ushindi, nusu ni ya wapinzani wako, robo ni ya wapinzani wa wapinzani wako. Katika ile robo ya kwanza kuna ujanja. Ushindi wa nyumbani unahesabiwa 0.7, wa ugenini 1.3. Kufungwa ni kinyume: nyumbani 1.3, ugenini 0.7.

Mfano wa kubuni: timu imeshinda 20 na kufungwa 5 nyumbani, ugenini imeshinda 8 na kufungwa 7. Kwa macho ni 28 kati ya 40, yaani 0.700. Kwa RPI: ushindi ni 14 + 10.4 = 24.4, vipigo ni 6.5 + 4.9 = 11.4, 24.4 gawanya kwa 35.8 ni 0.682. Imeshuka kwa sababu imekaa nyumbani.

Sababu ya uzani huo ni baridi. Msimu unaanza katikati ya Februari. Michigan kuna theluji, kwa hiyo timu za kaskazini zinasafiri wiki kadhaa za mwanzo kucheza kusini, wakati wa Florida na Texas hawatoki kwao. Bila uzani huo kaskazini wangeumia daima. Bado wanaumia: wanaanza msimu bila mazoezi ya nje, na wakati wa fainali utaona mabingwa wengi ni wa kusini na magharibi. USC wa California wana makombe 12, matano kati yao mfululizo kuanzia 1970 hadi 1974 chini ya Rod Dedeaux. LSU wana 8, Texas 6.

#19 Pwani_Kushoto

Na RPI si kila kitu. Ole Miss 2022 waliingia wakiwa miongoni mwa timu za mwisho kabisa kuchaguliwa, wakatwaa kombe. Mikono yao ilikuwa mizima Juni kuliko Aprili, basi.

#20 FundiGongo

Mmeongea sana mikono, sasa ngojeni gongo. Vyuo wanatumia alumini na mchanganyiko wa nyuzi tangu 1974, si mbao kama za kulipwa. Alumini ni ganda tupu: mpira ukigonga, ukuta unabonyea kidogo na kurudi, unausukuma mpira. Mbao haibonyei, mpira wenyewe ndio unaobonyea na nguvu inapotelea humo.

Tangu 2011 kila gongo lazima lifuzu kipimo kinachoitwa BBCOR (gongo linavyourudisha mpira), kisichozidi 0.50, karibu na mbao. Urefu kwa inchi ukitoa uzito kwa aunsi usizidi 3: gongo la inchi 33 (sentimita 84) lisipungue aunsi 30 (gramu 850). Unene mwisho inchi 2 na tano ya nane, kama sentimita 6.7.

Ujanja uko kwenye magongo ya nyuzi. Yakipigwa sana, au mtu akiyabana kwenye rola makusudi, nyuzi za ndani zinalegea na gongo linarusha mpira kwa nguvu kuliko siku lilipofuzu. Ndiyo maana yanapimwa kwenye mashine inayobana ganda na kusoma nguvu inayohitajika kulibonyeza. Lililolegea linaondolewa, lililofuzu linabandikwa stika. Mwenye kwenda na gongo moja pendwa tu amejitafutia. Beba mawili ya kipimo kile kile.

Matokeo ya 2011 yalikuwa makali mno. Omaha 2013 na 2014 mipira iliyotoka nje ya uzio ilikuwa mitatu tu kila mwaka, mashindano mazima. Watu wakalala usingizi. Mwaka 2015 hawakugusa gongo, waligusa mpira: kimo cha mshono kilishushwa kutoka inchi 0.048 hadi 0.031, yaani kutoka milimita 1.2 hadi 0.8. Mshono mfupi haushikwi na hewa sana. Maabara ya Washington State University ilipima kwa kasi na pembe ile ile, mpira mpya ukaenda futi 20 zaidi, mita 6 hivi. Hizo mita 6 ndizo tofauti ya kudakwa kwenye uzio na kutoka nje.

#21 GongoLaMpingo

Uwanja nao, usiusahau.

#22 FundiGongo

Naam. Kutoka 1950 hadi 2010 ilikuwa Rosenblatt, juu ya kilima. 2011 wakahamia uwanja mpya katikati ya mji, ambao sasa unaitwa Charles Schwab Field, watu kama 24,000. Vipimo ni futi 335 pembeni, 375 kwenye vichochoro (kati ya pembeni na katikati), 408 katikati; kwa mita 102, 114 na 124. Uwanja mpya unaangalia kusini-mashariki na upepo wa Juni pale mara nyingi unatoka kusini, kwa hiyo unampiga mpigaji usoni. Gongo jipya na uwanja mpya viliingia mwaka mmoja, ndiyo maana ukame ule ulikuwa mkubwa.

Maana yake kwa kocha: usijenge timu ya kupiga juu tu. Jenga ya kupiga chini, kukimbia, na ya kuweka mtu mwenye miguu katikati ya uwanja. Nyumbani kwao vyuo vingi vina uzio wa karibu. Mpira unaotoka kule, Omaha unadakwa.

Kidokezo cha historia: kabla ya 1950 walicheza Kalamazoo, Michigan (1947 na 1948) na Wichita, Kansas (1949). Yale walipoteza fainali zote mbili za Kalamazoo, na besi yao ya kwanza alikuwa George H. W. Bush, yule aliyekuja kuwa rais.

#23 Pwani_Kushoto

Kwa kupenda ujanja, nani anaukumbuka ule wa Miami 1982 dhidi ya Wichita State? Phil Stephenson wa Wichita State, mwizi mkubwa wa besi (anayekimbilia besi ya mbele bila kusubiri mpira upigwe), yuko besi ya kwanza. Mrushaji anajifanya kurusha kwenye besi ya kwanza kumkamata, mpira umebaki mkononi. Wa besi ya kwanza anajitupa chini kama ameupoteza, benchi zima linapiga kelele likionyesha pembeni. Stephenson akakimbilia besi ya pili, akakuta mpira unamsubiri. Auti. Miami wakashinda 4–3, mwishowe wakabeba kombe. Mtunzi ni Skip Bertman, wakati huo kocha msaidizi, baadaye ndiye aliyeipa LSU makombe matano.

#24 KiwikoChuma

Ujanja ule haukuwa wa benchi peke yake. Mkimbiaji mwenyewe hakuuona mpira ulipo. Na kanuni inaruhusu mrushaji kujifanya iwapo amekwisha ondoa mguu kwenye ubao anaorushia. Asipoondoa ni kosa na mkimbiaji anapewa besi bure. Wanaoiga leo wanasahau mguu.

#25 Mzizima_9

Saa zetu tuziwekeje? Nataka kufuatilia Juni ijayo.

#26 BintiTakwimu

Omaha Juni iko nyuma yetu saa 8. Mchezo wa saa 7 mchana kwao ni saa 3 usiku Dar, Nairobi na Kampala. Wa saa 12 jioni kwao ni saa 8 usiku kwetu, na kwa walioko Muscat ni saa 9. Ukiongeza radi, alfajiri.

Karatasi ya matokeo isome kwa namba za nafasi: 1 mrushaji, 2 mdakaji, 3 besi ya kwanza, 4 ya pili, 5 ya tatu, 6 yule wa kati ya pili na tatu, 7, 8 na 9 wa nyuma kushoto, katikati, kulia. Ukiona 6-4-3 ni watu wawili wametolewa kwa mpira mmoja. K ni aliyetolewa kwa straiki tatu.

#27 GongoLaMpingo

Swali la mwisho kwa BintiTakwimu. Kanuni mpya za idadi ya wachezaji zinabadilisha hesabu yako?

#28 BintiTakwimu

Zinaigusa. Zamani chuo kilikuwa na ufadhili wa watu 11.7 wa kugawana kwa vipande, na wachezaji 35. Kuanzia msimu wa 2025–26 vyuo vilivyoingia kwenye mpango mpya vina kikomo cha wachezaji 34, na kikomo cha ufadhili kimeondolewa. Tajiri anaweza kuwalipia wote. Kwa hiyo warushaji wa nane na wa tisa wa timu kubwa, wale wa Jumapili jioni, watakuwa bora kuliko zamani, na Fresno State mwingine atapata tabu.

#29 Daktari_wa_Bega

Lakini mkono bado ni mmoja kwa kila mtu. 2025 Gage Wood wa Arkansas aliwanyima Murray State pigo hata moja, akatoa 19 kwa straiki, mirusho 119. Haikuwahi kutokea Omaha tangu 1960. Arkansas hawakufika fainali. Kade Anderson wa LSU alitupa iningi zote 9 za fainali ya kwanza dhidi ya Coastal Carolina, 1–0, mirusho 130, na kesho yake wenzake wakamaliza kazi 5–3 yeye akiwa hatumiki.

#30 KiwikoChuma

Hapo umenikumbusha, nitaweka jedwali la warushaji wa timu zote 16 mwenyeji Ijumaa asubuhi kabla ya mchezo wa kwanza: nani alitupa lini, mirusho mingapi, na nani alijipasha bila kuingia. Ya mwisho hiyo nahitaji macho ya watu wanaotazama benchi. Atakayeweza kuchukua kituo kimoja aandike hapa chini.

#31 Pwani_Kushoto

Mimi nachukua kituo cha Baton Rouge, LSU wakiwa wenyeji.

#32 FundiGongo

Nipe chochote cha California.